Barua yako niliikuta kwenye taka, mdogo wangu

Wiki hii kona nzima nampa binti mmoja wa Moshi. Kaniomba nisimtaje jina, na simtaji. Ametengeneza peke yake mfumo wa kuwekea nafasi kwenye hosteli za wanafunzi: unachagua chumba, unalipa kwa simu, mfumo unakutumia risiti na namba ya chumba kwa barua pepe. Angalau ndivyo alivyopanga. Kinachotokea ni kwamba mwanafunzi analipa, halafu kimya. Anapiga simu, haipokelewi kwa sababu binti yuko darasani. Siku ya tatu anakuja na mama yake. "Dada, kwenye mfumo kila barua inaonyesha imetumwa," ameandika. "Nimekagua msimbo usiku kucha, sioni kosa. Watu wameanza kuniita tapeli."

Pole sana, mdogo wangu. Kuitwa tapeli na mama wa mtu, mlangoni kwako, majirani wanasikia, si jambo dogo. Ila kabla sijakujibu nikuambie nilivyoipata barua yako. Uliituma Jumatatu. Mimi nimeisoma Ijumaa, na niliikuta kwenye folda ya taka, katikati ya mtu anayetaka kunigawia urithi wa mjomba wake na mwingine anayeuza dawa ya kukuza nywele. Uliiandika kwa anwani ya hosteli, ile ile inayotuma risiti. Kwa hiyo umeniletea ugonjwa pamoja na kipimo.

Nikaifungua ikiwa ghafi. Kwenye Gmail ya kompyuta ni zile nukta tatu pembeni mwa barua, halafu unachagua kuiona kama ilivyokuja. Yanamwagika maandishi mengi ya kutisha. Yaache, tafuta mahali palipoandikwa Authentication-Results. Pako pamesema hivi: spf=softfail, dkim=none. Sehemu kubwa ya kesi yako imo humo, na hata ungekagua msimbo mwaka mzima usingeiona.

Tuanze na hilo neno "imetumwa". Unatumia PHP na ile mail() yake, wengi ndivyo tulivyofundishwa. Ikikurudishia true, inakwambia kitu kimoja tu: seva iliyo karibu imeipokea barua ili iisafirishe. Ni kama kumpa kondakta bahasha pale stendi ya Moshi. Amesema "sawa, dada", kaitupia juu ya dashibodi, basi limeondoka. Kama bahasha ilifika Mbezi, kama aliyeipokea ndiye mwenyewe, kama iliangukia chini ya kiti watu waliposhuka kula Korogwe, ile "sawa, dada" haikuambii. Na wewe "imetumwa" ya mfumo wako umeisoma "imefika".

Mzizi wa matatizo haya ni wa zamani. Utaratibu unaosafirisha barua pepe, SMTP, uliandikwa na Jonathan Postel na kutolewa Agosti 1982, wakati mtandao ulikuwa kama kijiji cha vyuo vikuu na maabara, watu wanajuana. Haukuuliza kitambulisho. Pale pa kuandika barua imetoka kwa nani, mtu alijaza analotaka, na utaratibu wenyewe ukiachwa peke yake bado unakubali hivyo hadi leo: naweza kuketi hapa Sinza nikaandika barua inayodai imetoka Ikulu. Tabia mbaya nazo zilikuwa zimeshaanza. Mwaka 1978 Gary Thuerk, mtu wa mauzo wa kampuni ya kompyuta ya DEC, aliwatumia tangazo kwa mkupuo watu mia kadhaa wa mtandao wa ARPANET, wakamjia juu. Yote nitakayokueleza leo ni viraka vilivyoshonwa baadaye juu ya nguo hiyo ya 1982.

Viraka vyenyewe ni vitatu. Umewahi kwenda kufungua akaunti benki wakakudai barua ya serikali ya mtaa? Uwe na sura ya malaika, bila mhuri unarudi nyumbani. Na mhuri wa mtaa wa jirani haukusaidii. Gmail, Yahoo na Outlook siku hizi wako hivyo hivyo.

Cha kwanza, SPF, ni orodha unayoibandika kwenye DNS (daftari la majina ya mtandaoni) ya jina la tovuti yako, inayotaja seva unazoziruhusu kutuma kwa jina hilo. Ya kwako ipo, nimeitazama. Ni kitu cha wazi, yeyote anaweza kukitazama. Inaitaja kampuni uliyokuwa umepanga mwaka jana. Umenieleza mwenyewe kwamba mwezi wa tatu ulihamia kwingine, sasa ulihama na vyombo vyote ukasahau kumwambia mlinzi wa getini. Mlinzi wa Gmail amesoma orodha, hakumwona mjumbe wako. Kwa kuwa orodha inaishia na ~all, hakumfukuza, amemtazama kwa jicho la pembeni tu. Hiyo ndiyo softfail. Ukienda kurekebisha, usibandike rekodi ya pili ya SPF chini ya ile ya zamani. Nimewaona watu wazima na vyeti vyao wakifanya hivyo. Zikiwa mbili, zote zinahesabika mbovu. Iwe moja, na isimlazimishe msomaji kwenda kuuliza DNS zaidi ya mara 10, maana hapo ndipo ukomo ulipowekwa.

Cha pili ni DKIM, na huu ndio mhuri hasa. Anayekutumia barua anakuwa na ufunguo wa siri, kila barua inapigwa sahihi kwa ufunguo huo, na ufunguo mwenza wa wazi unakaa kwenye DNS yako ili mpokeaji alinganishe. Mjanja akibadilisha namba ya malipo njiani, sahihi inavunjika. Wewe hunao kabisa, ndiyo maana ya none. Ukiniambia nichague kimoja kati ya hivi vitatu, nachagua hiki. SPF ina udhaifu wake: mwanafunzi akiwa na anwani ya chuo inayozisukuma barua zake kwenda Gmail, Gmail inaona seva ya chuo, haioni yako, SPF inaanguka na wewe huna kosa. Sahihi ya DKIM imo ndani ya barua yenyewe. Barua isipoguswa, haijali imepitia mlango wa nani.

Cha tatu, DMARC, ni maelekezo kwa mlinzi: ikija barua inadai imetoka kwangu na haina uthibitisho, ufanye nini. Ukiandika none aipitishe, quarantine aipeleke taka, reject airudishe ilikotoka. Hapa kuna kona moja inayowakwamisha wengi. DMARC haitosheki na kuona mhuri wowote. Inataka jina lililothibitishwa lilingane na jina analolisoma mteja pale juu. Unaweza kukodi kampuni ya kutuma, ikathibitika vizuri kabisa kwa jina lake yenyewe, barua yako ikaanguka bado. Anza na none, weka anwani ya kupokelea ripoti, zisome majuma mawili matatu. Mimi ripoti hizo ziliniumbua: niligundua mfumo wa zamani wa mteja wangu, ambao niliapa mbele yake kwamba nimeuzima, bado unatuma salamu za sikukuu. Ukishawajua wote wanaotuma kwa jina lako, ndipo unapokaza.

Kuna jambo dogo nimeliona pia kwenye tovuti yako, ile fomu ya "Wasiliana nasi". Mtu akijaza, mfumo unakutumia ujumbe ukijifanya umetoka kwenye anwani ya huyo mtu. Akiwa ni wa Gmail, seva yako inakuwa inajiita Gmail mbele ya Gmail. Unategemea nini? Barua itoke kwa jina lako, anwani ya mgeni uiweke kwenye Reply-To; ukibonyeza kujibu inamwendea yeye. Dakika tano tu.

Sasa swali la nani akutumie barua. Kuna kijana wa Nakuru, na mwingine wa Mwanza, waliwahi kuniandikia kwa fahari kwamba wamejifungia wikiendi nzima wakasimika Postfix wenyewe. Nawapongeza, mmejifunza mengi. Ila kwa biashara changa jibu langu halijabadilika: usiendeshe seva yako ya barua. Kwanza kampuni kubwa za seva za kukodi, Google na Amazon zikiwemo, hukufungia mlango namba 25 wa kutokea barua, kwa sababu watuma taka waliuchakaza. Pili, anwani ya IP unayopewa ina historia yake. Aliyepanga kabla yako huenda aliitumia kutuma uchafu, na kuna watunza orodha kama Spamhaus, walioanza mwaka 1998, ambao hawasahau upesi. Kwenye seva za bei nafuu kama yako, mdogo wangu, hali ni mbaya zaidi maana mnachangia IP moja na tovuti chungu nzima. Jirani akiibiwa nenosiri, wezi wakatuma barua 40,000 usiku mmoja, asubuhi nyote mnaitwa wezi.

Kodi. Amazon SES, iliyoanza 2011, inatoza senti 10 za dola kwa barua 1,000. Risiti zako za muhula mzima hazifikii bei ya soda. Usishangae tu kwamba mwanzoni inakuweka kwenye uwanja wa majaribio: barua 200 kwa saa 24, tena kwa anwani ulizozithibitisha mwenyewe. Kutoka hapo unaandika ombi. Andika kama mtu anayejua biashara yake: unatuma nini, kwa nani, anwani umezipataje, zikirudi unafanyaje. Postmark ni ghali kidogo na mimi nawapenda kwa sababu wanatenganisha barua za lazima na za matangazo tangu mlangoni. SendGrid, Mailgun na Brevo utawasikia pia. Kinachonihusu mimi ni vitu viwili. Jina liwe lako, DNS iwe mkononi mwako, usije ukanunuliwa jina na fundi wa tovuti halafu mkakosana. Na kwenye msimbo wako, kutuma barua kuwe mahali pamoja tu. Februari 2016 Mailchimp walitangaza kwamba huduma yao ya Mandrill, iliyokuwa ikisimama yenyewe na wengi wakiitumia bure, sasa itakuwa nyongeza ya akaunti yao ya kulipia. Watu walipewa majuma kadhaa. Aliyekuwa ameweka kazi hiyo kwenye faili moja alihama mchana mmoja. Aliyekuwa ameisambaza mfumo mzima, alijuta.

Na ufunguo wa huduma hiyo usiuandike ndani ya msimbo ukaupandisha GitHub. Kuna roboti kazi yao ni kupekua humo. Wakiupata hawakuibii pesa, wanakuibia jina: wanatuma utapeli wa benki kwa sahihi yako halali, ile DKIM tuliyohangaika nayo. Halafu kadi ya mtandaoni utakayolipia huduma hiyo, iwe na salio tarehe ya kulipia. Nacheka, lakini nimeshaona biashara nzima ikinyamaza siku mbili kwa kukosa dola mbili.

Haya, nikupe na aibu yangu, maana kila mara nawapa ushauri kama vile mimi nilizaliwa najua. Miaka ya nyuma niliunda mfumo wa kukumbusha ada kwa shule moja. Nilituma barua pale pale ambapo mhasibu anabonyeza kitufe. Ukurasa unangoja hadi barua iondoke ndipo uendelee. Jumapili moja intaneti ilikuwa nzito. Seva ya barua ilipokea, lakini jibu lilichelewa, msimbo wangu ukadhani imeshindikana, ukajaribu tena. Na tena. Wazazi walipokea kumbusho la ada mara 11, asubuhi, wakiwa kanisani. Baba mmoja alijibu neno moja tu: "Nimesikia." Mwalimu mkuu hakuongea nami hadi Jumatano.

Dawa yake ni foleni. Mwanafunzi akilipa, mfumo uandike kwenye jedwali "risiti namba fulani inatakiwa iende", kisha umwonyeshe ukurasa wake papo hapo. Kazi nyingine ya nyuma, inayoamka kila dakika, ndiyo ichukue kilichopo kwenye foleni na kukituma. Kila barua iwe na namba yake, na kabla ya kutuma kazi hiyo iulize: hii imeshaondoka? Ikishindikana, isome imeshindikanaje. Seva inayopokea hujibu kwa tarakimu tatu. Zinazoanza na 4 maana yake "sasa hivi hapana, rudi baadaye": ngoja dakika tano, kisha nusu saa, kisha saa kadhaa, usigonge mlango kila sekunde. Zinazoanza na 5, kama 550, maana yake "huyo hayupo, au sikutaki". Hapo acha. Kung'ang'ania 550 kunakuchafulia jina kuliko chochote, kwa sababu kugonga milango isiyokuwepo ndivyo wanavyofanya watuma taka wanaobahatisha anwani.

Majaribio nayo uyafanye kwenye chombo cha majaribio. Mailpit inakaa kwenye kompyuta yako, inakamata kila barua na kukuonyesha, hakuna kinachotoka nje. Au tumia anwani za example.com, jina lililotengwa rasmi kwa mifano tangu 1999. Usichukue orodha ya wateja halisi "kujaribu kidogo". Juni 2021 HBO Max, kampuni yenye wahandisi wa kutosha, iliwatumia sehemu ya wateja wake barua tupu yenye kichwa cha jaribio la mfumo. Baadaye walikiri hadharani kwamba ni mwanafunzi wa mafunzo kazini. Kilichonigusa ni watu wa fani hii duniani kote waliomwandikia huyo kijana asiyejulikana wakimsimulia makosa yao, makubwa kuliko lake. Ningekuwa na nafasi ningemwandikia ya zile mara 11.

Turudi kwako, maana kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya wenzetu havilisemi. Umenitumia orodha ya anwani 30 za waliolalamika. (Siku nyingine usifanye hivyo, hizo ni taarifa za watu, ungenifichia majina.) Nimezipitia mstari kwa mstari. Nne zimeishia gmail.con. Moja ni gmial. Moja ina nafasi katikati. Na saba, mdogo wangu, saba ni anwani moja ile ile, yenye neno stationery ndani yake.

Umeshaelewa? Wanafunzi wamekwenda stesheneri karibu na chuo, kijana wa pale akawajazia fomu, ilipofika barua pepe akaweka ya duka. Ndivyo anavyowajazia maombi ya mkopo, ya chuo na ya kazi. Risiti za watu saba zimelala kwenye inboksi ya mwenye mashine ya fotokopi, yeye hana habari. Hakuna SPF itakayokusaidia hapo. Kwa hiyo mfumo wako umuulize mtu pale pale, "Umeandika gmail.con, ulimaanisha gmail.com?" Anwani ikijirudia kwa mtu wa pili, umzuie kwa upole. Kisha umtumie barua fupi ya kuthibitisha yenye kiungo, na mpaka abonyeze, anwani hiyo uihesabu kuwa ya kudhaniwa.

Usichukulie hili kama usafi wa kupita kiasi. Amazon SES barua zinazorudi zikifikia asilimia 5 wanaanza kukuchunguza, zikifikia 10 wanaweza kukusimamisha. Wewe kati ya watu 30 una sita mbovu kwa herufi peke yake. Kampuni ya kutuma itakupa njia ya kujulishwa: unaipa anwani ya ukurasa kwenye mfumo wako, na kila barua ikifika, ikirudi, au mtu akiibonyeza kuwa ni taka, inakuja kupiga hodi hapo na kukueleza. Iliyorudi moja kwa moja, futa anwani kwenye foleni siku hiyo hiyo na umwonyeshe mwanafunzi akiingia: "Barua zako zinarudi, tafadhali sahihisha anwani." Ndipo hifadhidata yako itakuwa na haki ya kuandika "imefika". Habari ya "imefunguliwa" usiiamini sana. Inategemea kapicha kasikoonekana kanakowekwa ndani ya barua, na tangu Septemba 2021 programu ya barua ya Apple hupakua picha hizo yenyewe, mtu asome asisome.

Kuhusu matangazo sitasema mengi, ila najua yanakuja, maana kila mwenye orodha ya anwani siku moja hupata wazo la ofa. Risiti ziende kwa jina moja, tuseme risiti.jina-lako, ofa ziende kwa jingine dogo pembeni, ili watu wakichoshwa na ofa zako risiti zisiumie. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza: anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku kwa watu wa Gmail lazima awe na mihuri yote mitatu, awe na njia ya kujitoa kwa kubonyeza mara moja, na wanaomlalamikia wasifike asilimia 0.3. Microsoft wakafuata Mei 2025. Wewe hujafika 5,000, lakini hata mdogo kabisa sasa anadaiwa angalau SPF au DKIM. Na sheria zipo: Kenya ina ya ulinzi wa data ya 2019, sisi tuna ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, inayofanya kazi tangu Mei 2023. Aliyekupa anwani ili apate chumba hajakuomba habari za magodoro.

Nikiwa hapo hapo, hiyo anwani yako ya noreply iondoe. Umempokea mtu pesa yake halafu barua ya kwanza unamwambia usinijibu? Weka anwani inayosomwa na mtu. Ungeiweka tangu mwanzo, mwanafunzi wa kwanza angekujulisha kabla mama hajapanda basi.

Nimebakiza swali ambalo hukuniuliza. Kwa nini namba ya chumba ipo kwenye barua pepe peke yake? Malipo yamepita kwenye simu, namba ya simu unayo, na ukurasa uliobaki wazi mbele ya mtu baada ya kulipa umeandika "Asante" basi. Iandike pale: chumba namba fulani, umelipa kiasi fulani, hii hapa risiti, pakua. Tuma na SMS fupi. Inagharimu zaidi ya barua pepe, lakini ni ujumbe mmoja kwa mtu mmoja kwa muhula, na namba ya simu ndiyo wanayoijua kwa moyo. Barua pepe ibaki kuwa nakala ya kumbukumbu, ya kuchapisha, ya kumwonyesha mfadhili. Ikichelewa, mtu awe ameshapata chumba chake.

Basi leo usiguse msimbo kwanza. Toa orodha ya wote waliolipa tangu mwezi wa tatu, chukua simu, wapigie mmoja mmoja uwape namba za vyumba. Mama yule aliyekuja mlangoni umpigie wa kwanza, umwamkie, umwombe radhi, usimweleze habari za DNS. Kesho rekebisha SPF na uondoe ile noreply. Wiki hii fungua akaunti ya kutuma, weka DKIM na DMARC ya none, uanze na barua chache chache kwa siku, jina geni likianza kwa kishindo hutiliwa shaka. Foleni ifuate wiki ijayo; usifanye vyote usiku mmoja ukashindwa kujua kipi kimevunja kipi.

Ukimaliza, niandikie tena kwa anwani ya hosteli. Mstari mmoja unatosha. Safari hii nitaanza kukutafuta kwenye inboksi.